Mabati Niliyopewa na Tribinali

Masika, binti yangu,

Mvua ilianza saa nane mchana na bado inanyesha taratibu, ile mvua ya Bunia isiyo na haraka. Mama yako amelala kwenye mkeka, kichwa amekiweka juu ya mfuko wako, utadhani mfuko huo unaweza kuondoka peke yake. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nyumba imetulia, nami nimekaa mezani na kalamu, nusu niko macho, nusu naota. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi. Kesho alfajiri malori yatatoka kwa msafara kwenda Mahagi-Port, na sauti yangu unaijua: tribinalini inasikika hadi nje, lakini nyumbani, nikiwa na jambo zito la kusema, inakwama kooni.

Habari ya maji ya kuchemsha, ya chandarua, ya kutokaa mbele na dereva anayenuka pombe, mama yako ameshakwambia yote, mengine mara nne. Mimi nayaruka. Wala sitakufundisha sheria. Ng'ambo ya ziwa utasoma za Waingereza, mimi nilisoma za Wabelgiji, na siku ukirudi tutagombana vizuri, chai ikiwa mezani. Ninalotaka kukueleza ni habari ya ile karatasi.

Unaijua. Wiki iliyopita ulikuwa unatafuta cheti chako cha shule, ukaikuta kwenye jalada langu la kijani: nakala ya hukumu yenye muhuri, na barua ya kurateri imebanwa nyuma yake. Ukaja nayo jikoni, ukasimama kati yangu na sufuria ya mboga ya sombe.

“Papa,” ukasema, “hapa tribinali ilikupa malipo yako, na haujamaliza kuichukua. Kurateri iko Mahagi-Port, na miye ninapita palepale. Sasa juu ya nini siye tuko tunalia franga ya masomo?”

Nikakujibu kwamba chumvi imezidi kwenye sombe. Mama yako akasema chumvi bado hajaitia. Ukaniangalia kwa jicho lile ulilorithi kwangu, ukaongeza, “Papa, hukumu ni hukumu,” kisha ukatoka. Maneno hayo ni yangu mwenyewe, Masika. Uliyaokota kinywani mwangu ukiwa mdogo, na siku ile yalinichoma vibaya.

Basi nisikilize. Ulipokuwa mwaka wa kwanza wa sekondari, Muzee Paluku alifilisika. Si ndugu yetu, ingawa alitoka Butembo kama sisi na watu wa Bunia walituhesabu kuwa ukoo mmoja. Alikuwa mfanyabiashara. Alinunua kahawa ya wakulima wa Djugu na samaki wa chumvi kutoka ziwani, akawa na depo mbili za kuwekea mali, moja hapa karibu na mto Nyamukau, nyingine Mahagi-Port. Vita vilipoanza barabara zilifungwa, kahawa ikaungua mashambani, na wote waliokuwa wakimdai wakafika mlangoni kwake wiki moja. Tribinali ikatangaza kwamba nyumba yake ya biashara imefilisika. Ikamweka kurateri, yaani mtu wa kukusanya kilichobaki na kuwagawia wadai, na kurateri akanichukua mimi niwe avoka wake, wakili wa kumsimamia tribinalini.

Nilifanya kazi ile zaidi ya mwaka mmoja. Siku hizo nilikuwa na miguu. Nilifuata magunia ya kahawa yaliyofichwa kwenye maghala ya watu, nilifuata mizani, nilifuata lori moja mpaka Epulu. Huko nililikuta limeegeshwa pembeni mwa msitu, majani yameota ndani ya injini, na ndege amejenga kiota kwenye kiti cha dereva. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimtazama ndege yule akiingia na kutoka kwenye dirisha lisilo na kioo. Kulikuwa na ukungu na harufu ya udongo, na kwa muda nilisahau vita, nikasahau hata lori lilikuwa la nani. Niliandika kwenye ripoti kwamba gari halifai tena. Habari ya ndege sikuiandika.

Kazi ilipokwisha, tribinali ikaamua malipo yangu. Jaji alikuwa na miezi mingi bila mshahara, lakini alivaa joho lake lililopigwa pasi, akasoma kwamba malipo ya avoka yatoke kwanza, mbele ya wadai wote, kwa kuwa bila kazi yake kusingekuwa na kitu cha kugawa. Nilikuja nyumbani na mstari ule kichwani kama mtu aliyepewa wimbo. Nikawanunulia ninyi nyote fanta. Nikamwambia mama yako dawa ya deni ni kulipa, na sasa hata serikali imekubali. Akauliza franga ziko wapi. Nikasema ziko njiani.

Hazikuwa njiani. Nilikwenda ofisini kwa kurateri kila wiki, nikakaa kwenye benchi lake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na kila mara alinipa kiti kizuri zaidi kuliko mara iliyopita. Mwishowe akaniita kwa cheo changu cha uwakili, akasema, “Metre, nisikudanganye. Franga haiko. Iko mabati.”

Jaji akaidhinisha nilipwe hivyo hivyo: kwanza mabati ya paa la depo ya Bunia, na yale ya Mahagi-Port yafidie kilichobaki, siku barabara itakapofunguka.

Wewe unayajua mabati ya siku zile, lakini ulikuwa mtoto, na mtoto huona tu kinachopita mbele yake. Watu walikuwa wakiingia mjini kutoka vijijini wakiwa na godoro kichwani na mabati mawili matatu juu ya godoro, wameyang'oa kwa mikono yao kwenye nyumba zao wenyewe kabla wengine hawajaja kuyang'oa. Wapiganaji wakiingia kijijini walichukua mbuzi, halafu wakapanda juu ya nyumba. Kila mwenye bati alikuwa na akiba. Na ya depo ya Muzee Paluku yalikuwa ya zamani za Wabelgiji, mazito, ukiyagonga yanatoa mlio wa kengele. Niliyapenda kabla hayajawa yangu.

Tatizo lilikuwa kwamba ndani ya depo kulikuwa na watu.

Zilikuwa familia kama tisa, wakulima wa Djugu waliokimbia. Aliyewaleta pale aliitwa Mama Sharloti. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na aliijua depo ile kwa sababu kwa miaka mingi aliipelekea kahawa yake. Aliwaambia wenzake, “Kahawa yetu ililala humu, na siye tutalala humu.” Kahawa yake ya msimu wa mwisho Muzee Paluku hakumlipa. Yaani yeye naye alikuwa mdai, Masika, kama mimi. Lakini jina lake halikuwa kwenye orodha. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa tribinali kwa Kifaransa, na siku walizopewa wadai kujiandikisha yeye alikuwa porini na watoto mgongoni. Hayo niliyajua baadaye. Kama ningeuliza ningeyajua mapema.

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Unanijua. Nilimchukua wisie, yule karani wa tribinali wa kutekeleza hukumu, tukabandika tangazo kwenye mlango wa depo, siku nane za kuondoka, Kifaransa safi, muhuri wa duara. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwenye huruma, kwa sababu sheria ingeniruhusu siku chache kuliko hizo. Siku ya nane tulirudi na vijana wanne wenye ngazi na nyundo. Tangazo halikuwepo mlangoni.

Nikamuuliza Mama Sharloti limekwenda wapi.

“Ile kartasi?” akasema. “Tuliweka kwa tundu ya ukuta, Metre. Upepo ilikuwa inaingilia batoto.”

“Lakini mliisoma?”

“Nani atasoma? Mwalimu yetu alibaki kule.”

Wisie akageuka akatazama mtoni. Mimi nikasoma hukumu kwa sauti, kisha nikaieleza kwa Kiswahili, na nilieleza vizuri, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Walinisikiliza wamesimama. Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani walikuwa wameshaona wenye nguvu wengi wakija na maneno, na mimi angalau nilivaa tai.

Vijana wakapanda. Bati la kwanza lilipotoka, mwanga uliingia ndani ya depo kama maji yanayomiminwa kwenye beseni. Vumbi la kahawa ya miaka ishirini likainuka, likawa la dhahabu, likaelea. Ilikuwa nzuri, Masika, na hilo ndilo linanisumbua hata leo, kwamba ilikuwa nzuri. Watoto walikuwa wamekaa chini na vichwa juu, na mbingu ilikuwa inafunguka kipande kwa kipande, na wakaanza kucheka. Mmoja alinyoosha mkono kulishika vumbi. Nilikuwa barabarani, nikiwaona kupitia mlangoni, na nikajikuta natabasamu nao.

Yalipobaki mabati machache kwenye kona ya mwisho, Mama Sharloti alitoka akaja kwangu.

“Metre, utuachie mbili tu. Kwa kona ya bokilo yangu. Ni muzee, haiko anaweza kutembea tena.”

Alikuwa anamsema mama mkwe wake, bibi mmoja aliyekaa juu ya magunia matupu, amejifunika kitenge cha kijani, akituangalia.

Nikamjibu, “Hukumu inasema yote.”

Wisie akanisogelea, akaninong'oneza, “Metre, mbili haiwezi kukufilisi.” Nami nikakasirika. Nilimwambia nikiacha mawili leo, kesho kila mtu mjini atajua kwamba hukumu inaweza kukatwa kama kitambaa, na katika vita hivi kitu pekee kilichobaki kizima ni karatasi za tribinali. Niliamini nilichokisema. Sikuwa mwongo wala mwizi. Nilikuwa mtu aliyefanya kazi mwaka mzima bila malipo, mwenye binti wa kusomesha, na nilikuwa na haki. Yote hayo ni kweli. Tukachukua yote.

Mvua haikunyesha siku ile. Ilinyesha siku ya tatu. Nilikuwa kitandani nikaisikia inakuja kutoka upande wa Mudzipela, na nikahesabu siku. Walipata maturubai baadaye, niliambiwa, na wengine wakaenda kanisani. Yule bibi alifariki mwezi uleule, hospitalini. Wisie alinipa habari hiyo sokoni, akiwa anachagua nyanya, bila kuniangalia. Sijui kama ni mvua. Alikuwa mzee, na alikuwa ametembea kutoka Djugu. Nimejitetea kwa hoja hizo mbele yangu mwenyewe usiku mwingi, na unajua mimi ni avoka mzuri. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuja mapema sana, hata wewe hujaniletea mchumba.

Sasa utanielewa jambo moja la utoto wako. Mabati yale mengi niliyauza, yakakulipia shule, na mazuri zaidi niliezekea chumba chako, kile cha nyuma tulichokijenga mwaka ule. Ulifurahi. Mvua ikinyesha ulikuwa unaniita, “Papa, kuja usikilize,” kwa sababu mabati mazito yana sauti yake, ya chini, inayobembeleza. Nilikuwa nasema nina kazi. Uliniambia siku moja kwamba mimi sipendi kuja chumbani kwako, ukalia, mama yako akanigombeza. Nilikuwa nakupenda, Masika. Nilikuwa siwezi tu kukaa chini ya mabati yale mvua ikinyesha.

Halafu vita vikaingia mjini. Ya barabara ya Komanda, tulipokimbia, huna haja ya kukumbushwa, ulitembea kwa miguu yako. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa wazi juu. Mtaa mzima ulikuwa wazi juu. Unakumbuka tulivyopanda kile kilima kidogo nyuma ya shule tukaangalia chini? Ungeweza kuona ndani ya nyumba za watu: vitanda, kalenda ukutani, sufuria iliyosahauliwa juu ya mafiga. Jua lilikuwa limeingia kila chumba. Mpaka leo naiona ile Bunia nikifumba macho, kimya, imefunguliwa, na mimi natembea juu yake polepole nikitafuta nyumba moja yenye paa.

Aliyechukua mabati yetu simjui. Siku ile nilisimama uani nikajaribu kumchukia, nikawa natafuta tofauti kati yake na mimi. Niliipata moja: mimi nilikuwa na muhuri. Mama yako alifunga kitenge kiunoni, akaanza kufagia maji sebuleni, akasema, “Metre, leo siye njo tumefilisika.” Akacheka. Mimi niliingia jikoni nikalia, na wewe ukadhani nalilia nyumba.

Baada ya miezi kadhaa nilimtafuta Mama Sharloti. Nilimkuta kambini karibu na uwanja wa ndege, yuko mbele ya hema anapepeta maharagwe. Nilikuwa nimebeba sabuni na sukari, kama mtu anayekwenda kutembelea mgonjwa, na nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu nyumbani. Alinitambua mara moja. Alinipa kigoda. Nikayasema yote, mabati, bibi, tangazo la Kifaransa. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza.

“Mabati,” akasema, “bote banachukuaka. Hata kule kwetu tuliacha yetu, banachukua. Ile niliisha kusahau.” Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. “Lakini weye, Metre, nilikuambia karibu kula, ukakatala. Ile njo sikusahau.”

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nimeliruka hata katika barua hii, na ulitazame vizuri uone jinsi nilivyoliruka, maana kalamu ya avoka ina ujanja wake. Kabla sijasoma hukumu, kabla vijana hawajapanda, tulipofika tu na ngazi zetu, wale watu walikuwa wanakula. Bugali na mboga ya lengalenga, kwenye sinia moja kubwa. Mama Sharloti alitoka kutulaki, hakujua tumekuja kufanya nini, akaniambia, “Karibu, Metre. Ingia tukule. Ni kidogo, lakini iko.” Akaita mtoto alete maji ya kunawa. Mtoto akaja na jagi, akasimama mbele yangu.

Wewe ni mtoto wa hapa, huna haja ya kuelezwa. Mtu akishanawa mikono kwa watu, akakaa, akamega bugali kwenye sinia lao, hawezi kusimama akang'oa paa lao. Hakuna sheria iliyoandikwa hivyo, na hakuna asiyeijua. Nami niliijua. Nilimwambia yule mtoto arudishe maji, nikamwambia Mama Sharloti asante, kisha nikatoa hukumu kwenye mfuko. Kosa langu halikuwa lile la mabati mawili. Hilo lilikuwa tayari limeamuliwa nilipokataa maji.

Sasa tufike kwako. Barua uliyoisoma, ya kurateri aliyehamia Mahagi-Port, inasema depo ya Mahagi-Port bado ina mabati yake yote, hukumu yangu bado ina nguvu, na mnunuzi yupo. Mwishoni anasema, “Kuna watu wachache ndani, lakini haitakuwa shida.” Uliusoma mstari huo haraka, niliona macho yako yakiuvuka. Mimi nimeusoma kwa muda wa miaka.

Sitakuficha hali. Franga ulizo nazo, zile za mama yako za kuuza vitenge na zile alizotukopesha mjomba wako, zitakufikisha Pasaka. Baada ya Pasaka sina kitu. Wateja wangu siku hizi wananilipa kwa kuku, na kuku hawavuki ziwa. Mabati ya Mahagi-Port yangelipa mwaka wako wa kwanza wote, na labda sehemu ya wa pili. Mama yako anataka uyachukue. Hajui habari ya sinia, wewe ndiye wa kwanza kuijua. Kama huyachukui, inawezekana mwezi wa tano utakuwa umerudi hapa, na miaka yako yote ya kusoma kwa kibatari itakuwa imeishia kwenye kaunta ya duka la mtu.

Wiki hii niliandika karatasi ya kuachilia haki yangu, nikaandika kila kitu, ikabaki sahihi tu. Nilijisikia mtu mwema sana. Halafu nikaona kwamba nafanya tena kilekile, naamua juu ya paa la mtu bila kumuuliza, na safari hii mtu huyo ni wewe. Nikaichana. Badala yake nimekuandikia mamlaka ya kudai kwa jina langu, iko pamoja na hukumu ndani ya bahasha ya kaki, chini ya nguo zako za kanisani. Utasema baba yangu amenitwika mzigo alioshindwa kuubeba. Utakuwa umesema kweli, na nakuomba radhi. Sikupata njia nyingine ambayo haikuwa uongo.

Ninakuomba kitu kimoja. Ukifika Mahagi-Port, usianze kwa kurateri. Uliza depo ya Muzee Paluku iko wapi, iko karibu na pale wanapopakulia samaki, kila mtu ataijua. Nenda mchana, peke yako, bila wisie na bila karatasi mkononi. Bisha hodi. Watakuuliza wewe ni mtoto wa nani, uwaambie. Wakikukaribisha, ingia. Wakileta maji, nawa. Kaa chini ule nao, chochote kilichopo, hata kama ni dagaa wa jana. Waulize walitoka wapi na kama wanajua kusoma Kifaransa. Uwaeleze una karatasi gani mfukoni. Na wao wakueleze.

Ukishakula, kama bado unaweza kuyachukua, yachukue. Nasema hivyo bila mtego. Pengine mtapatana nusu, pengine watakuwa na pa kwenda, pengine utawaona wana nafuu kuliko sisi. Ni haki yako, na kusoma kwako si jambo dogo. Sitakuuliza uliamuaje. Ukiandika kwamba umeyauza, nitafurahi kwamba unasoma. Ukiandika kwamba hukuyauza, nitauza hii meza ninayoandikia, kisha tutaona. Na kama hutaandika lolote juu yake, pia nitaelewa, maana mimi nimekaa kimya miaka yote hii chini ya paa moja nawe.

Mvua imepungua. Nakusikia nje, unacheka na watu getini, na mama yako ameamka anauliza kama umekula huko ulikokwenda. Nitaikunja barua hii sasa. Nitakupa kesho ukiwa umeshapanda lori, ili usinijibu.

Lakini usikatae chakula chao, Masika. Siku ile mimi nilikuwa na njaa tangu asubuhi, na nikamwambia Mama Sharloti nimeshiba.

Papa yako